Je, Wajua? Bunduki Haikopeshwi Bwera

Je, wajua kwamba pale Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Kongo huko Mpondwe, kijana asiye na akiba anaweza kuondoka na pikipiki, simu au taa ya sola leo hii, kisha akalipa kidogo kidogo mpaka mwakani? Si ajabu boda iliyokubeba kutoka Kasese mjini bado si mali kamili ya anayeiendesha. Bunduki haiuzwi hivyo. Kinachoizuia ni hesabu ndogo ya kisheria, na wengi hawajawahi kuipiga.

Je, wajua mali ya mkopo ni ya nani kabla ya awamu ya mwisho? Katika ununuzi wa kulipa kwa awamu, ambao Uganda iliutungia sheria mwaka 2009, mali hubaki ya muuzaji na mnunuzi huitumia tu. Sasa ondoa pikipiki, weka bunduki. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka kila anayenunua, anayepata au anayekaa na bunduki awe na cheti chake mwenyewe. Kwa hiyo mkopeshaji angehitaji kuruhusiwa, na mkopaji naye pia, kwa chuma kile kile. Na awamu zikikwama? Vijana wanaotumwa kutwaa boda stendi hawawezi kutumwa kutwaa bastola, maana wakiishika tu bila cheti wao ndio wahalifu. Tena anayenyang'anywa ndiye mwenye risasi. Hapo hata dalali mkali hughairi safari.

Je, wajua mwenye kalamu ya mwisho katika kibali cha bunduki Uganda ni nani? Ni Mkuu wa Polisi wa nchi nzima, ambaye sheria imemfanya afisa mkuu wa leseni. Mwombaji huanzia chini, kwa mwenyekiti wa LC1 anayemfahamu kijijini, kisha barua hupanda ngazi za usalama na polisi wa wilaya. Barua hiyo haipandi kwa kasi ya pesa za simu. Wapo wanaolalamikia ucheleweshaji huo. Mimi nauona kuwa ndio sehemu ya sheria inayofanya kazi vizuri kuliko zote.

Je, wajua kwamba tangu 2019 sheria ya Uganda inaruhusu mali inayohamishika iandikishwe kuwa dhamana ya mkopo? Ng'ombe, mazao ghalani, mashine, pikipiki, vyote vina daftari lake serikalini. Kwa wakulima wa kahawa wa milima ya Rwenzori na wa pamba wa bondeni, hiyo ni nafuu kubwa kwa asiye na hati ya ardhi. Lakini dhamana ina maana pale tu mkopeshaji anapoweza kuiuza. Bunduki haiwezi kupigwa mnada mbele ya soko la Mpondwe.

Uingereza, iliyotuachia sheria zetu nyingi, haikuacha jambo hili lijielewe lenyewe. Sheria yake ya Silaha ya 1968 inataja waziwazi kwamba mfanyabiashara wa rehani anayepokea bunduki kuwa rehani ametenda kosa. Kifungu kifupi, na biashara nzima imefungwa.

Je, wajua mkopeshaji wa Uganda amekatazwa kuchukua nini? Sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inamkataza kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti, kadi ya benki au kitambulisho cha kazi cha askari. Waliokwisha kuacha kadi ya ATM kwa mkopeshaji wakisubiri mshahara wanajua sheria hiyo inaheshimiwaje. Mwaka 2024 serikali ikaweka pia kikomo cha riba: asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni.

Kwa nini mambo ya riba yaingie katika safu ya bunduki? Kwa sababu ya Mei 2023.

Tarehe 12 mwezi huo, katikati ya Kampala, askari polisi aliingia katika ofisi ya mkopeshaji mmoja kubishania deni lake la takriban shilingi milioni 2.1. Alimpiga risasi mkopeshaji huyo akafa. Askari huyo hakuwa na ruhusa ya kubeba silaha, kwani alikuwa amezuiwa kwa sababu za afya ya akili. Bunduki aina ya AK-47 aliyotumia ilikuwa ya mwenzake. Siku kumi kabla, tarehe 2, waziri wa nchi aliyeshughulikia kazi, Kanali mstaafu Charles Engola, aliuawa nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe, na malalamiko ya pesa yakatajwa mara moja. Hakuna aliyenunua bunduki kwa mkopo katika visa hivyo viwili. Katika kisa cha Kampala deni na bunduki vilikutana kwa njia ambayo sheria ya mikopo haikuiwazia: mdaiwa alikuwa na njia ya kufikia silaha, na mdai alikuwa na daftari tu.

Watu wa Kasese waitazame hali hiyo kwa makini. Wilaya ina askari wengi kwa sababu ya mpaka, ina kampuni za ulinzi zinazolinda maduka na vituo vya mafuta, na ina wakopeshaji kila mtaa. Mlinzi anayelipwa kidogo na kudaiwa pesa nyingi hana haja ya kununua silaha, maana amekabidhiwa.

Je, wajua kwamba bunduki kwa mkopo si jambo geni Afrika Mashariki? Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara iliendeshwa kwa mikopo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alimkopesha mfanyabiashara Tippu Tip mtaji wa safari, akitarajia kulipwa kwa pembe za ndovu. Katika mizigo ya misafara ya namna hiyo, pamoja na nguo na shanga, zilikuwamo bunduki na baruti. Msafara ukichelewa miaka, deni nalo lilisubiri miaka, na njia ya haraka ya kulilipa ilikuwa kupata pembe nyingi zaidi kwa nguvu zaidi. Mkopo ndio uliosukuma mtutu mbele, na vijiji vya mashariki ya Kongo vikalipa riba.

Na wajua mwaka gani dunia ilijaribu kuzuia hilo kwa sheria? 1890. Mkataba wa Brussels wa Julai mwaka huo ulizuia kuingizwa bunduki, hasa zile za kisasa, katika Afrika yote kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Ikweta inapita katika wilaya ya Kasese, kwa hiyo sisi tulikuwa katikati kabisa ya ramani hiyo. Wazungu waliotia sahihi walijiachia mlango wa kuyapa silaha majeshi yao wenyewe. Hiyo ni hadithi ya mikataba mingi.

Aliyelipa gharama ya biashara hiyo ya bunduki kwa shingo yake ni Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja Afrika na wamisionari kisha akageuka mfanyabiashara. Mwaka 1889 alimsaidia Kabaka Mwanga kwa silaha na chombo cha majini alipopigania kurudi kitini. Januari 1895, huko Lindi katika Kongo, upande wa pili wa milima yetu, ofisa wa Kibelgiji aitwaye Lothaire alimnyonga kwa kosa la kuwauzia bunduki maadui wa dola ya Kongo. Hukumu ilikuwa ya haraka mno, Uingereza ikaja juu, na dola ya Kongo ikalipa fidia. Lothaire alishtakiwa akaachiliwa.

Turudi milimani. Je, wajua kwamba Kasese ina historia ndefu ya kurudisha bunduki kuliko ya kuzinunua? Vuguvugu la Rwenzururu lilijitangazia dola tarehe 30 Juni 1962, chini ya Isaya Mukirane. Miaka ishirini baadaye, Agosti 1982, mwanawe Charles Wesley Mumbere aliteremka na kukabidhi silaha kwa serikali ya Obote. Kisha akaenda Marekani, akafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa na wazee, mpaka ufalme wa Rwenzururu ulipotambuliwa na yeye kutawazwa mwaka 2009. Mapigano ya Novemba 2016 mjini Kasese, yaliyoua watu zaidi ya 100 na kumpeleka mfalme gerezani, yanaonyesha kwamba kukabidhi silaha mara moja hakumalizi kesi.

Je, wajua serikali imewahi kulipa watu waache bunduki? Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilifungua ofisi kadhaa nchini, mojawapo Kasese. Mpiganaji aliyejisalimisha alipewa cheti, godoro, jembe, mbegu na shilingi 263,000. Waliochukua kifurushi hicho hapa wengi walitoka katika kundi la waasi la ADF. Pesa hizo hazikuwa nyingi hata wakati ule, lakini ni mara chache fedha ya umma kutoka ili bunduki iingie ghalani.

Je, wajua bunduki zilizoumiza Bwera zilipita duka gani? Hazikupita duka lolote. Tarehe 13 Novemba 1996 ADF walivuka na kushambulia Mpondwe. Usiku wa 16 Juni 2023 walivuka tena, wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakachoma bweni na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Silaha za namna hiyo hazina risiti, hazina awamu, hazina LC1. Sheria ya kuzuia mikopo ya bunduki haizigusi, na mbunge atakayewaahidi watu wa Bwera kwamba inazigusa anawadanganya.

Basi inagusa nini? Inagusa soko la halali. Lililo kubwa kupita yote ni la Marekani, ambako raia wanakadiriwa kuwa na bunduki milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe. Huko kampuni iitwayo Credova, ya jimbo la Montana, ilijijengea jina kwa kuwawezesha wateja wa maduka ya silaha kuchukua sasa na kulipa kwa awamu, wakati wakopeshaji wengine wengi waliikwepa bidhaa hiyo. Machi 2024 ilinunuliwa na kampuni ya PSQ Holdings. Desemba mwaka huo Donald Trump Jr. akaingia katika bodi ya PSQ.

Je, wajua kwa nini baadhi ya Wamarekani wanataka mkopo wa bunduki ubanwe kisheria? Chukua mauaji ya klabu ya Pulse, Orlando, Juni 2016, watu 49. Gazeti la The New York Times lilionyesha baadaye kwamba muuaji alitumia dola 26,532 kwa kadi za mkopo katika siku 12 kabla ya shambulio. Alikuwa amefungua akaunti kadhaa mpya za kadi. Alitafuta hata mtandaoni kama benki ingeshtukia matumizi yasiyo ya kawaida. Haikushtuka. Mtu asiyetarajia kuwa hai mwezi ujao hajali riba, na hapo ndipo mkopo wa bunduki unapotofautiana na mkopo wa friji: anayekopesha anapima uwezo wa kulipa kwa mtu ambaye huenda hana mpango wa kulipa wala wa kuishi.

Baada ya hapo kilifuata kituko cha kisheria. Septemba 2022 shirika la viwango la kimataifa liliidhinisha namba maalumu ya kutambulisha mauzo ya maduka ya bunduki katika mitambo ya kadi. California ikatunga sheria ya kulazimisha namba hiyo itumike. Florida, jimbo lenye Orlando yenyewe, ikatunga sheria mwaka 2023 ya kukataza isitumike.

Nayo benki ya Citigroup? Machi 2018 iliwawekea masharti wateja wake wauza bunduki. Juni 2025 ikayaondoa. Sera ya benki hudumu kadiri upepo wa siasa unavyoiruhusu, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuandika zuio katika sheria.

Wajua jambo moja zaidi kuhusu upande wetu? Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Uganda ni mwanachama wake, inazitaka nchi zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za rashasha na bunduki ndefu zinazojipakia risasi zenyewe. Kwa hiyo baadhi ya silaha zinazouzwa kwa awamu Marekani, hapa itifaki inataka raia asiruhusiwe kuwa nazo hata kwa fedha taslimu.

Lililobaki kwa Uganda ni dogo, na halihitaji sheria nzima. Vifungu viwili vingetosha. Kimoja kikataze bunduki kuuzwa kwa awamu, kukopeshewa fedha mahsusi, au kupokelewa kuwa dhamana. Kingine kiwabane waajiri wa walinzi: silaha ibaki ghalani zamu inapokwisha, na mshahara ulipwe kwa wakati. La pili ndilo gumu, na ndilo lingeokoa maisha zaidi.

Wewe mweka hazina wa sacco ya Bwera, au mkopeshaji wa Kasese mjini, usisubiri bunge. Mtu akikuletea silaha akisema uishike mpaka alipe, iwe yake au ya kazini, usiipokee wala usiifiche. Toa taarifa kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Ukiipokea, deni ni lake lakini kosa ni lako.