Mumeo Kaumia Kazini, Majina Yanagongana!

Mumeo kakatwa vidole na mashine kiwandani huko Temeke. Fidia inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango analipa mwajiri, yeye hakatwi hata senti. Balaa sasa: kitambulisho cha NIDA kinasema Juma, mkataba wa kazi unasema Jumanne. Usichukue kalamu ukarekebisha! Huko ni kughushi. Mpeleke kwa wakili akaape kwamba majina yote ni yake. Tena toeni kopi kabla ya kukabidhi karatasi yoyote. Mkono wa kuandikia umeumia? Aweke dole gumba la mwingine, usimsainie. Na msilale, ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12 haki yake inapotea. Mwajiri akiwazungusha, nendeni WCF wenyewe.