Tabibu na Msindikizaji Wake: Ziwa Mweru, 1867

Kumsindikiza mgeni, kwa desturi, ni kumfuata hatua chache njiani kwa heshima. Katika nchi ya vita neno hilo hubeba uzito mwingine.

Itabwa, nchi ya Nsama, ilikuwa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, ambalo Kilwa yetu iko kwenye ufuko wake wa magharibi. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alimshinda Nsama kwa bunduki, na njia zikafungwa. Tabibu David Livingstone, mpinzani wa biashara ya watumwa, alingoja zaidi ya miezi mitatu mpaka suluhu ilipopatikana, ikathibitishwa kwa ndoa ya binti wa Nsama. Ndipo akafuatana na wafanyabiashara haohao, akaliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba.

Tippu Tip anamtaja mgeni huyo katika *Maisha* yake, maandishi ya Kiswahili yaliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Msomaji wa maandishi hayo azingatie jambo moja: waliomlinda tabibu njiani ndio walioitia njia hofu. Basi kila tunaposoma habari za msindikizaji, tuulize kwanza ni nani aliyeifanya safari ihitaji ulinzi.