Barua ya Miaka Sabini (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulimsoma Ayubu, mtu ambaye hakupewa sababu ya mateso yake. Leo tunamgeukia Yeremia, sura ya 29, kwa kuwa aya ya 11, inayonena mawazo mema ya Mungu kwa watu wake, imependwa mno hata ikapamba kalenda na fulana. Wengi wanaoibeba hawana habari kwamba imo ndani ya barua, na kwamba aya iliyoitangulia inataja miaka 70. Barua hiyo ya Yeremia ilipelekwa Babeli kwa Wayahudi waliohamishwa na Nebukadneza mwaka 597 kabla ya Kristo. Iliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, na wauombee amani mji uleule uliowashika mateka. Sura moja nyuma yake yupo nabii Hanania, aliyeahidi kwamba kongwa la Babeli litavunjwa ndani ya miaka 2. Bila shaka Hanania alisikika vizuri zaidi. Yeye na Yeremia wote walihubiri kwamba Mungu anatawala. Walichotofautiana ni tarehe. Nami nashikilia kwamba amtumainiye Mungu kweli humwachia na tarehe pia.

Mkazi wa Kawajense, hapa Mpanda, hana haja ya kwenda Babeli kutafuta mfano. Hapa jirani, katika Halmashauri ya Nsimbo, makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mishamo yakafuata mwaka 1978. Walipewa ardhi porini, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakasali katika makanisa waliyoyajenga wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha. Si kwamba walisahau kwao. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katika miaka hiyo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, aliwakuta wengi wakijihesabu kuwa taifa lililo uhamishoni, linalongoja kurudi. Walingoja huku jembe likiwa mkononi. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na makazi ya tatu, Ulyankulu, kisha utekelezaji ukakwama. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, miaka 42 tangu wakimbie.

Mtu atauliza: Mungu yuko wapi hapo? Ardhi ilitolewa na serikali ya Nyerere, misaada ikatoka Umoja wa Mataifa, jasho likawa la wakimbizi wenyewe. Hoja hiyo inambana yule tu anayemtafuta Mungu katika miujiza peke yake. Kitabu cha Ezra kinaeleza kwamba Wayahudi walirudi kwao kwa amri ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ambaye Isaya anakiri kuwa hakumjua Bwana. Kwa maneno mengine, ahadi ilipita katika hati ya serikali.

Lipo swali zito kuliko hilo. Vipi waliozikwa Katumba kabla ya 2014, kama wazee waliozikwa Babeli? Yeremia hakuwaficha kitu: kwa mtu mzima aliyesomewa barua ile, miaka 70 ilizidi umri uliombakia. Ahadi ilikuwa ya watoto na wajukuu. Mkristo anayo ya kuongeza, nayo ni ufufuo wa wafu, lakini hata ufufuo haumwambii mjane kwa nini mwaka 1972 ulitokea. Mhubiri anayewaambia waliouliwa ndugu zao kwamba Mungu ndiye aliyeyapanga mauaji yale anamsingizia. Kaini alipomuua Habili, Mungu hakujitwika tendo lile. Alimdai Kaini damu ya nduguye. Kutawala si kutenda kila linalotendeka.

Kwa hiyo anayesimama madhabahuni hapa Mpanda akampangia mgonjwa, au mkulima aliyekosa mavuno, siku ya muujiza, huyo yuko upande wa Hanania hata kama ameshika aya ya Yeremia. Na mkulima huyo akiandaa shamba msimu unaofuata bila kuahidiwa lolote, hajapungukiwa imani.

Sehemu ya nne itaingia katika Maombolezo. Msomaji aisome kwanza sura ya 3, aya zote 66, na asianzie ile ya 22.