Minuteri ya mashini ya kukausha mbegu: tupime kwanza, kisha tununue



Msimu uliopita koperative moja ilituita asubuhi mapema. Mashini yao ya umeme ya kukausha mbegu za mahindi ilikuwa inazimika ovyo. Mutu mmoja akatoa nyaya mbili kwenye minuteri, akaziunganisha moja kwa moja. Mashini ikawaka vizuri. Lakini usiku mlinzi alilala, na hakukuwa tena kitu cha kuizima. Kwa macho, mbegu zilikuwa za kupendeza: kavu, safi, rangi nzuri. Tukaweka 100 kwenye kitambaa chenye maji. Kisha siku 7, hata nusu hazikuota. Mahindi yaliyopaswa kwenda shambani yakaenda kusagwa unga.

Njo maana leo tunazungumuzia kile kifungo kidogo.

Minuteri inafanya kazi gani?

Ni saa ndogo ya kuzungusha kwa mkono, sawa ile ya mashini ya kukausha nguo. Ndani yake kuna sehemu mbili: saa inayohesabu, na kontakti, ni kusema vipande vya chuma vinavyogusana ili umeme upite kwenda kwenye rezistansi (inayoleta joto) na kwenye ventilateri (inayosukuma hewa). Kifungo kikifika 0, kontakti inaachana na umeme unakatika.

Kuna aina mbili. Moja inaendeshwa na springi: ukiizungusha unasikia tik-tik hata kama umeme hauko. Ingine inaendeshwa na motere ndogo: hiyo inahesabu tu wakati umeme uko.

Tusiishitaki minuteri mbele ya wengine

Mara nyingi wanatuambia: «Minuteri imekufa, mutuletee ingine.» Tunafika, tunakuta ni kitu kingine. Tuangalie kwanza:

1. Umeme unafika kwenye prize? Tujaribu na taa.
2. Fuzibo iko nzima?
3. Mlango umefungika vizuri? Mashini nyingi haziwake kama mlango uko wazi.
4. Ventilateri inazunguka lakini joto hakuna? Mara nyingi ni rezistansi ao fuzibo ya joto.

Kisha tuchukue saa ya telefone. Tuweke minuteri kwenye dakika 60, tuone inazima kisha dakika ngapi. Hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui. Minuteri ya motere inafuata mwendo wa umeme. Kwetu umeme ni wa hertz 50. Kama jenereta inazunguka polepole na kutoa hertz 45, dakika 60 za minuteri zinakuwa karibu 67, na saa 6 zinakuwa saa 6 na dakika 40. Na kama minuteri iliandikwa 60 Hz, kwenye umeme wetu dakika 60 zinakuwa 72. Katika hali hizo minuteri haina ugonjwa. Ni jenereta inayohitaji fundi, ao ni minuteri ya inchi ingine. Ile ya springi haijali hayo.

Kupima na multimetre

Tuchomoe mashini kwenye prize. Kuzima kifungo peke yake haitoshi. Tufungue kifuniko na tupige picha ya nyaya. Kisha tuchomoe nyaya za kontakti, juu kama tukiziacha, multimetre inaweza kupima njia ingine na kutudanganya.

- Kifungo kwenye dakika 30: multimetre inapaswa kuonyesha karibu ohm 0. Kama haionyeshi njia, ao namba inaruka-ruka, kontakti imeungua.
- Kifungo kwenye 0: haipaswe kuonyesha njia. Kama bado inaonyesha 0, kontakti imeshikana. Hii njo hatari zaidi, juu mashini haitazimika.
- Minuteri ya motere: tupime pia waya wa motere yake. Ikiwa nzima, inatoa ohm elfu kadhaa. Kama hakuna njia kabisa, waya umekatika.

Kubadilisha

Tuende dukani na minuteri ya zamani mkononi. Tulinganishe aina, muda, umbo la chuma cha kifungo, volti, na zaidi ya yote ampere. Hesabu ni rahisi: wati tunazigawa kwa volti. Mashini ya wati 3000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampere 13. Minuteri ya ampere 10 itaungua. Ya ampere 16 inafaa. Bei ndogo isitudanganye.

Tuhamishe waya moja moja: tunatoa mmoja kwa ya zamani, tunauweka mahali pake kwa mpya. Kila waya ukaze vizuri, juu waya uliolegea unapata moto na kuyeyusha plastiki. Tufunge kifuniko, tuwashe mashini bila mbegu, tuweke dakika 10, na tubaki pale mpaka izime yenyewe. Kama hatujaiona ikizima, kazi haijaisha.

Mambo ya kukumbuka

Tusiunganishe nyaya kwa kuruka minuteri, hata kwa usiku mmoja. Fuzibo ya joto haitaokoa mbegu: inakata wakati joto limekuwa kali sana, na mbegu inaanza kuumia kisha digri 40 hivi. Mwanzoni maji yanayotoka ndani ya mbegu yanaipoza. Ikisha kukauka, inashika joto lote la hewa.

Tena, minuteri inahesabu saa, haipime unyevu. Mbegu ya mahindi tunataka ifike 13% ao chini, na hiyo inajulikana kwa kipima unyevu.

Kama minuteri imekufa na mpya haijafika, tutandaze mbegu kwenye bashi, juani, na kuzigeuza mara kwa mara. Ni kazi ya mikono mingi, lakini mbegu itaota.