Hiyo Arosto ni Yako, Si ya Mtoto

Juzi kaingia mwingine. Mimba ya wiki 12, kadi ya kliniki bado mpya, na ubavuni mama mkwe anayemjibia kila swali. Nilipouliza kama anavuta, binti akainamia vidole vyake. Mama mkwe akadakia: "Sigara sita kwa siku, Daktari, ila tumemkataza asiache ghafla. Mtoto si atashtuka?"

Swali hili naulizwa kuliko hata la "ni wa kike au wa kiume", na kila anayelileta hulileta kama busara. Nalijibu hapa kwa mara ya mwisho. Mwingine akija nitampa gazeti.

Mtoto hashtuki kwa sigara kuachwa. Kinachomsumbua ni sigara yenyewe. Nikotini inabana mishipa ya damu inayomlisha kupitia kondo. Halafu kuna kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua watu waliojifungia chumbani na jiko la mkaa. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, na damu ya mtoto huishika kuliko hata ya mama. Mama akiacha, hewa hiyo huisha mwilini ndani ya siku moja au mbili. Sasa niambieni: mtu anakabwa koo, mkabaji akaondoa mikono, nani atalalamika kwamba kaachiwa ghafla?

Najua uzushi huu ulikozaliwa. Huku pwani tunaijua heroini. Mjamzito anayetumia unga kweli huambiwa asikate mwenyewe, maana arosto yake inaweza kuhatarisha mimba. Hupewa methadoni, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Hata mlevi wa kutopea akikata pombe siku moja anaweza kuanguka degedege. Watu wakalichukua onyo la unga wakalivisha sigara. Sigara ina arosto, sikatai: hasira, usingizi kupotea, njaa, mikono isiyojua pa kukaa. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali, kisha inalegea wiki hadi wiki. Anayeteseka ni mama. Mtoto wakati huo anapata oksijeni.

Na "nimepunguza, Daktari" nayo imenichosha. Wengi wakishuka kutoka kumi hadi nne, hizo nne huzivuta kwa pumzi ndefu mpaka kwenye kichungi, na mwili unajipatia haki yake. Huku gharama iko palepale: mtoto anayepungukiwa kama gramu 200 kwa wastani, kuzaa njiti, kondo kubanduka kabla ya wakati, mtoto kufia tumboni. Asitokee mtu kuniambia mtoto mdogo hurahisisha uchungu.

Ya kufanya, upesi. Chagua siku, iwe wiki hii. Ukiacha kabla ya wiki 15, hatari ya njiti na ya mtoto mdogo hukaribia ya asiyevuta; mwezi wa saba bado kuna faida. Hamu ikija hudumu dakika chache: tembea, kunywa maji, mpigie shoga yako. Mwambie nesi ukweli, hakupeleki polisi. Ukishindwa kabisa, vibandiko au bigijii za nikotini hutolewa kwa uamuzi wa daktari tu. Vidonge vya bupropioni na vareniklini havishauriwi kwa mjamzito. Sigara za umeme nyingi zina nikotini. Shisha ndiyo usiseme: maji hayachuji kaboni monoksaidi, na mkaa wa juu unaiongeza. Baba avutie nje, au bora aache naye. Ukiteleza siku moja, kesho anza tena.

Hayo yote niliyasema, binti akitikisa kichwa. Mama mkwe naye alikuwa anafungua fundo kwenye pindo la khanga. Ndani yake, kijikaratasi cha ugoro.

"Huu wa kichefuchefu tu, Daktari. Nampa asubuhi, chini ya mdomo. Hauna moshi."

Nikavuta kiti, nikaanza upya na nikotini.