Mjusi Aliyefuata Joto

Paukwa! Pakawa!

Wajukuu zangu, hadithi ya leo ina mjusi ndani yake, na mjusi huyu ni wa kweli. Anaishi katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Mwili wake hauwezi kujipasha moto kama wetu. Akitaka joto huota jua, likimzidi hukimbilia kivulini.

Katika miaka ya 1970, mtafiti Matthew Kluger wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliwaweka mijusi hawa mahali penye upande wa joto na upande wa baridi, kila mmoja akae atakapo. Walipokuwa wazima, walichagua joto la kiasi cha nyuzi 38 za Selsiasi. Kisha wakachomwa sindano yenye bakteria. Mnadhani walikwenda wapi? Walihamia penye joto zaidi, wakakaa huko mpaka joto la miili yao likapanda kwa karibu nyuzi 2.

Watafiti wakajiuliza: joto hilo linawafaa nini? Mwaka 1975 wakatoa jibu. Safari hii mijusi walioambukizwa hawakuachiwa wachague. Wengine waliwekwa kwenye nyuzi 34, wengine 36, wengine 38, wengine 40 na wengine 42. Waliowekwa penye ubaridi walikufa kwa wingi. Waliowekwa kwenye 40 na 42, wengi zaidi walinusurika. Kumbe mjusi mgonjwa anapokwenda penye joto, anatafuta uhai wake.

Sasa njooni kwetu binadamu. Sisi moto tunao ndani. Mtu mwenye afya huwa na joto la nyuzi 37 hivi, likishuka kidogo alfajiri na kupanda kidogo jioni. Inayolisimamia ni sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, iitwayo haipothalamasi. Ifikirieni kama kile kidude cha kuzungusha kwenye pasi ya umeme: ukikiweka kwenye hariri pasi huwa vuguvugu, ukikisogeza kwenye pamba hupata moto zaidi. Cha kwenu, siku za uzima, kimewekwa kwenye 37.

Vijidudu vikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu huvigundua na kumwaga kemikali za kupeleka habari. Habari ikifika ubongoni, hutengenezwa kemikali nyingine, prostaglandini, nayo ndiyo inayokizungusha kidude kutoka 37 hadi, tuseme, 39.

Hapo ndipo penye ajabu. Mwili bado uko kwenye 37, lakini ubongo umeshaamua uwe 39. Basi unajiona umepoa! Jua linawaka nje, nawe unaomba blanketi. Mishipa ya ngozi hujibana ili joto lisipotee, na ndiyo maana vidole vinakuwa baridi. Misuli nayo hutetemeka, maana misuli ikifanya kazi huzaa joto. Meno yanagongana mpaka 39 ifikiwe, kisha mtetemeko unakoma. Vijidudu vikishindwa, kidude kinarudishwa kwenye 37. Sasa joto limezidi na lazima litoke: ngozi inapata damu tele, jasho linatiririka, shuka linalowa. Mama anakugusa shingoni na kusema, "Alhamdulillahi, homa imeshuka."

Kwa nini mwili ujichoshe hivyo? Kwa sababu vijidudu vingi vinavyotuletea ugonjwa vimezoea 37, na joto likipanda huzaana kwa shida. Chembe nyeupe, kinyume chake, huchangamka na kuwahi palipoambukizwa. Wakati huohuo mwili huficha madini ya chuma, ambayo bakteria wengi wanayahitaji ili waongezeke.

Lakini kazi hiyo ina gharama. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 1, mwili hutumia nguvu zaidi kwa karibu asilimia 10 hadi 12. Moyo unakwenda mbio, maji yanapungua, viungo vinalegea. Kwa hiyo bibi anapokuhimiza unywe maji, uji mwepesi au dafu, msikilize. Parasetamoli nayo ina nafasi yake. Huizuia ile prostaglandini, kidude kikarudi chini, nawe ukapata nafuu ya kunywa na kulala. Ila haiui kijidudu hata kimoja.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana kwetu kuna malaria. Katika miaka ya 1880, daktari wa Italia, Camillo Golgi, aligundua kwamba homa ya malaria hupanda pale vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu na kumwagika kwa pamoja. Kwa wagonjwa wake hilo lilitokea kila baada ya saa 48 au 72, kulingana na aina ya kimelea. Katikati ya vipindi hivyo mgonjwa hujiona amepona, kumbe vimelea vinakua. Ndiyo maana homa ikishuka kwa dawa ya maumivu, msiseme yameisha. Wala msiseme kila homa ni malaria, kwani inaweza kuwa mafua, nimonia au ugonjwa mwingine. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tone moja la damu kidoleni latosha.

Pia wapo watoto wadogo, hasa wa miezi 6 hadi miaka 5, ambao homa huwaletea degedege. Mtoto anakakamaa, anatupa mikono na miguu, macho yanageuka. Wapo wanaosema amepitiwa na shetani, wakampeleka kwa mganga, na saa za thamani zikapotea. Mkiona hivyo, mwiteni mtu mzima, mlazeni mtoto kwa ubavu, msimtie chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Na mtoto mchanga asiyetimiza miezi 3, akifika nyuzi 38, asisubiri hata usiku upite.

Basi ukihisi baridi mchana wa jua kali, usijifiche kwa kuogopa sindano. Sema mapema. Mwili umeshatoa taarifa kwamba kuna kitu kimeingia, na kazi yetu sisi wakubwa ni kwenda kupima tujue ni kitu gani.