Ufadhili wa Kusoma Japani Hauuzwi: Usiweke Minazi Rehani

Swali ambalo vijana wa Bweni wananiuliza sana siku hizi halihusu chonga wala ubwiri unga. Wananiuliza hivi: "Bwana shamba, huo ufadhili wa kusoma Japani ni wa kweli? Na ni shilingi ngapi?"

Ni wa kweli. Na kuomba ni bure.

Nimeamua kuliandikia kwa sababu kuna mtu anapita kwenye makundi ya WhatsApp akiwaambia vijana watume hela ya "kushika nafasi". Dada mmoja hapa kijijini, mhitimu wa kilimo wa SUA ambaye sasa anaendesha shamba la minazi na mikorosho la mama yake, alishafika hatua ya kutafuta mtu wa kumwekea rehani minazi thelathini ili apate hiyo hela. Wewe wa Mafia unaijua rehani. Kila ukiangua, nazi zinakwenda kwa aliyekukopesha, na deni linabaki palepale. Shamba ambalo ndilo lingekuwa hoja yako mbele ya Wajapani linakwenda kwa mtu mwingine, tena kwa kulipia kitu ambacho hakina bei.

Sasa tuelezane njia zenyewe.

Njia kubwa ni ufadhili wa serikali ya Japani kupitia wizara yao ya elimu, ambayo wengi wanaiita MEXT. Kwa Tanzania tangazo linatolewa na Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, mara moja kwa mwaka, mara nyingi kuanzia mwezi wa nne hivi. Fomu ziko kwenye tovuti ya ubalozi, unapakua mwenyewe kwa simu. Wanaochaguliwa wanalipiwa ada na tiketi ya ndege, na wanapewa hela ya kujikimu kila mwezi. Kwa shahada ya uzamili, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaja yeni 144,000 kwa mwezi.

Kuna mambo mawili yanayowaangusha watu kabla hata fomu haijasomwa. La kwanza ni umri. Kwa uzamili na utafiti wanataka uwe chini ya miaka 35 kufikia mwezi wa nne wa mwaka unaokwenda. Dada yetu ana 33, kwa hiyo hana muda wa kuchezea. La pili ni miaka ya masomo. Kwa uzamili wanahesabu 16: saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya chuo kikuu. Hesabu yako ikikamilika, endelea. Mwenye stashahada hesabu hiyo haimfikishi huko. Yeye na aliyemaliza kidato cha sita wanaweza kuangalia nafasi za shahada ya kwanza, ambazo zina umri wake mdogo zaidi na mitihani yake: kwa anayetaka kilimo ni Kiingereza, Kijapani, Hisabati, Kemia na Baiolojia. Mitihani ya miaka iliyopita iko mtandaoni bure, kwenye tovuti ya Study in Japan. Masomo yenyewe ni miaka mitano, na mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha. Mimi binafsi, kijana ambaye tayari ana ekari zake zinazoingiza hela namwambia aipime sana hiyo miaka mitano.

Turudi kwenye uzamili, maana hapa ndipo mkulima ana kitu ambacho mwombaji wa mjini hana.

Katika fomu za MEXT kuna moja inaitwa mpango wa utafiti. Unaeleza unataka kuchunguza nini, kwa nini, na utafanyaje. Vijana wengi wanaoniletea nisome wanaandika kitu kama hiki: "Nataka kuchangia maendeleo ya kilimo nchini kwangu kwa kutumia teknolojia ya kisasa." Jamani, hiyo sentensi anaweza kuiandika hata mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Profesa akiisoma hajui akupeleke maabara gani.

Nilimwambia dada alete daftari lake la shamba. Ana mapande mawili ya minazi. Kwenye moja magogo ya minazi iliyoanguka yaliondolewa na kuchomwa, kwenye jingine yaliachwa yaoze. Tunajua chonga anazaliana ndani ya magogo yaliyooza. Yeye kila mwezi anahesabu minazi yenye makuti mapya yaliyokatwa na chonga, pande kwa pande, na anaandika tarehe na mvua. Alikuwa anafanya hivyo kwa ajili ya shamba lake tu. Lakini ukiutazama vizuri, huo ni mwanzo wa utafiti: kuna swali, kuna sehemu mbili za kulinganisha, kuna hesabu. Tukakaa jamvini tukaandika upya. Sentensi ya kwanza sasa inataja mdudu, zao na kisiwa. Ya pili inasema nini hakijulikani. Ndipo chuo kikaja, mwishoni kabisa.

Kuhusu chuo, usichague kwa jina la mji. Chagua kwa tatizo lako. Chuo Kikuu cha Ryukyus kiko Okinawa, visiwa vya joto vyenye mashamba ya miwa na vimbunga vya bahari, na huko mtu wa Mafia hatakuwa na mengi ya kuwaeleza upya. Tottori wana kituo cha utafiti wa ardhi kame, kinamfaa zaidi mwenzetu wa Dodoma. Kwa njia ya ubalozi, ukishapita mchujo wa kwanza wa makaratasi, mtihani na usaili, unapewa cheti na ndipo unawaandikia maprofesa kuomba barua ya kukubaliwa. Kuna pia njia ya kupendekezwa na chuo chenyewe, na huko unamtafuta profesa mapema.

Njia nyingine ni JICA. Mpango wao wa ABE Initiative ulitangazwa kwenye mkutano wa TICAD wa mwaka 2013 kule Yokohama, na umetengenezwa kwa ajili ya vijana wa Afrika wanaoelekea kwenye biashara: uzamili kwenye chuo cha Japani pamoja na mafunzo ya vitendo kwenye kampuni ya Kijapani. Kwa anayekamua mafuta ya nazi au kubangua korosho, huu nauona unamfaa kuliko MEXT. Wana pia programu ya kilimo na usalama wa chakula inaitwa Agri-Net. Matangazo yao yafuate kwenye ofisi ya JICA Tanzania. Benki ya Dunia kwa hela ya Japani nao wana ufadhili wa uzamili, ila wanataka uwe na miaka isiyopungua 3 ya kazi baada ya shahada. Na vipo vyuo vinavyopunguza ada vyenyewe. Ritsumeikan Asia Pacific kule Beppu wanafundisha kwa Kiingereza na wanaweza kukusamehe ada hadi yote, lakini chakula na pango ni juu yako. Usisahau hilo.

Gharama zako halali ni hizi: pasipoti, kuthibitisha nakala za vyeti, vipimo vya afya, nauli. Mtu mwingine yeyote akikutajia bei, mwulize risiti ya ubalozi uone atakavyopotea.

Halafu kuna shamba. Uzamili ni miaka miwili, mara nyingi na ziada. Dada ameandikiana na kaka yake mbele ya mwenyekiti wa kijiji: nani anaita wakwezi, nazi zinagawanywaje, nani ananunua salfa ya mikorosho, mama anapata ngapi. Kaka pia atahesabu chonga kila mwezi na kumtumia picha ya daftari. Mama aligoma mpaka hicho kipengele cha fungu lake kikaandikwa kwa wino.

Mwisho, kalenda. Tangazo likitoka mwezi wa nne, sisi tuko ndani ya masika. Barabara ya kutoka Bweni hadi Kilindoni unaijua, na boti za Nyamisati hali ya hewa ikichafuka haziondoki. Vyeti thibitisha Januari au Februari. Barua ya mapendekezo iombe chuoni mapema, walimu nao wana safari zao. Wenye daftari za shamba njooni nazo ofisini siku za Jumatano, tusome pamoja.